Kelele za niuroni (seli za neva): zipime kabla ya kufuta marudio

Mwaka 1961 mwanasayansi wa neva Horace Barlow alipendekeza kwamba neva za hisi hupunguza marudio, yaani taarifa ileile inayobebwa zaidi ya mara moja, katika ujumbe zinaopeleka kwenye ubongo. Wanaoanza kutengeneza modeli za ubongo hulishika wazo hilo na kufuta kila marudio wanayoyaona. Nami nilifanya hivyo kwa muda mrefu. Kumbe marudio mengine husaidia dhidi ya kelele, kwa hiyo tuanze na kelele.

Hatua ya 1. Rudia kichocheo kilekile mara nyingi, uhesabu mipigo ya umeme ya kila niuroni. Ondoa wastani kwenye kila hesabu, kinachobaki ndicho kelele. Usichanganye vichocheo hapa, maana niuroni mbili zinazopenda kichocheo kimoja zitaonekana kushirikiana kelele hata kama hazishirikiani.

Hatua ya 2. Ongeza niuroni. Tuseme mtawanyo (variance, yaani wastani wa mraba wa umbali kutoka kwenye wastani) wa kelele ya kila moja ni 1. Kelele zikiwa huru, wastani wa niuroni 100 hubaki na mtawanyo wa 0.01. Zikiendana kwa 0.1 tu (0 ni huru, 1 ni kufanana kabisa), unapata 0.109, na ukifika niuroni 1,000 bado uko 0.1009! Hali ni hiyo kwa niuroni zinazoitikia upande mmoja. Kichocheo kikifanya moja ipande huku nyingine ikishuka, kutoa moja kwa nyingine hufuta kelele ya pamoja.

Hatua ya 3. Hapa usiharakishe. Chukua niuroni mbili zinazotazama nukta jirani za picha, ishara zake zikiendana kwa 0.9, kila moja na mtawanyo wa 1. Tafuta jumla na tofauti ya ishara hizo, kisha gawa kila jibu kwa kipeuo cha pili cha 2. Jumla ina mtawanyo wa 1.9, tofauti 0.1.

Weka kelele yenye mtawanyo wa 0.01 kwa kila niuroni. Tofauti inaizidi mara kumi, kwa hiyo ikuze: hapo Barlow yuko sahihi. Sasa weka kelele ya 1. Tofauti imezama, na ukiikuza unakuza kelele. Afadhali niuroni zote mbili zibebe jumla, yaani zirudie ujumbe mmoja kwa makusudi.

Hatua ya 4. Linganisha na jicho. Mwaka 1957 Barlow, FitzHugh na Kuffler walipima retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) ya paka. Kwenye mwanga, kila seli hupunguza mwitikio wa katikati ya eneo inaloliona kwa mwitikio wa pembezoni mwake, ndiyo tofauti yetu. Jicho lilipozoea giza, hali inayofanana na ile ya kelele ya 1, mchango wa pembezoni ulitoweka, seli zikabaki kujumlisha.