Somo: Kufunga kamera kwenye kayaki ya kuvulia, na kurudi nayo nyumbani

Mwangaluka wakuu.

Ndani ya mwezi mmoja watu watatu wameniuliza swali lilelile: ile video ya sangara anaruka pembeni ya kayaki niliipigaje, na mikono yote miwili imeshika fimbo? Nimeona niandike mara moja yaishe. Nazungumzia kayaki, lakini mwenye mtumbwi wa mbao asiondoke, swali lake liko kule chini.

Nianze na aibu yangu. Kamera yangu ya kwanza iko chini ya Ziwa Victoria, hapa Mwanza upande wa Luchelele, kwenye mawe, maji ya mita saba hivi. Niliibandika kwa stika iliyokuja nayo kwenye boksi, nikaikandamiza vizuri, nusu saa baadaye nikaingia majini. Nilipiga kasia saa nzima imeshika tu. Kisha nikainama kuchukua plaizi, kiwiko kikaipitia kidogo, nikasikia chubwi! Niliiona taa yake nyekundu ikishuka kwenye maji ya kijani sekunde mbili, tatu, ikapotea. Ilikuwa bado inarekodi.

Ndiyo maana somo hili linaanza na kamba. Picha nzuri tutaifikia.

Hatua ya 1: Boya na kamba

Kamera hizi ndogo, ambazo sote tunaziita GoPro hata kama si GoPro, zinazama. Nyingi za siku hizi haziingizi maji mpaka mita 10 bila kasha, na hapo ndipo watu wanapojidanganya wakidhani zinaelea pia. Kamera ya gramu 150 hivi huyazidi maji kwa uzito mdogo sana, lakini huo mdogo unatosha kuipeleka chini.

Boya usinunue. Nenda mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, uangalie wavuvi wanavyokata ndala kuukuu kuwa maboya ya nyavu. Mimi nilikata ndala ya sponji vipande vitatu, kila kimoja ukubwa wa kiberiti, nikavipanga kimoja juu ya kingine na kuvifunga nyuma ya fremu ya kamera. Halafu jaza ndoo maji, tumbukiza kamera ikiwa imefungwa na kishikio chake, maana bolti nayo ina uzito. Ikielea, vizuri. Ikizama, ongeza kipande. Ndala yenyewe iwe ya rangi kali. Yangu ni ya njano, naiona hata maji yakiwa na mawimbi.

Kamba iwe ya nailoni ya kusuka, nyembamba. Upande mmoja unafungwa kwenye fremu ya kamera yenyewe. Ukiifunga kwenye kishikio, siku kishikio kikivunjika utabaki na kishikio chako salama kabisa. Upande wa pili funga kwenye tundu la kayaki. Usiifunge kwenye jaketi la kujiokolea wala mkononi, maana kayaki ikipinduka hutaki kitu chochote kinachokuunganisha nayo. Na kamba iwe fupi, isifike kwenye rili wala kwenye kasia.

Hatua ya 2: Mahali pa kuiweka

Kifuani: jaketi linaisukuma kamera itazame juu, ukikaa magoti yanajaa kwenye picha. Nilirudi na dakika arobaini za magoti yangu.

Kichwani: inaona unachokiona wewe, na hilo ni zuri mpaka samaki aume. Hapo kichwa kinageuka huku na huku kama kuku, na anayetazama anapata kizunguzungu.

Mbele kabisa, inakutazama usoni: hii inatoa picha tamu ya uso wa mtu aliyebanwa na sangara. Lakini sangara mkubwa akipita chini ya kayaki kwenda upande wa pili, lazima uzungushe ncha ya fimbo mbele ya pua ya kayaki, na pale kuna kamera. Mshipi ukinasa umekatika.

Nyuma ya kiti, juu ya nguzo: hapa ndipo nilipobaki. Kamera inatazama mbele kupitia juu ya bega. Unaonekana mgongo na mikono, fimbo inavyopinda, maji yote mbele, na samaki akiruka kulia au kushoto yumo. Urefu uwe kidogo juu ya kichwa chako ukiwa umekaa, kwa wengi ni kama mita moja kutoka kwenye sakafu ya kayaki. Ukizidisha, nguzo inayumba na video inatikisika.

Jambo ambalo sikuambiwa na mtu: nguzo ikae upande ambao huutumii kurushia chambo. Mimi hurusha kwa kulia, nguzo iko kushoto. Mwanzoni niliiweka kulia, na chambo chenye ndoano tatu kikaivaa kamera yangu ya pili. Bahati nzuri ile ilikuwa na ndala.

Hatua ya 3: Nguzo yenyewe

Kayaki nyingi za kuvulia zina matundu mawili nyuma ya kiti ya kuchomekea fimbo. Tumia moja. Nunua bomba la PVC la inchi moja na robo, kata mita moja. Sehemu inayoingia kwenye tundu izungushie vipande vya tyubu ya baiskeli mpaka bomba likae kwa kubana, ila liweze kung'oka ukilivuta kwa mkono mmoja. Hiyo ya kung'oka usiipuuze: ukianguka majini na unataka kupanda tena, nguzo iliyoganda itakusumbua.

Juu weka kifuniko cha bomba, toboa katikati, pitisha bolti ya robo inchi kutokea ndani. Robo inchi ndio uzi wa vishikio vya kamera karibu vyote, lakini nenda na kishikio chako dukani ukajaribishe palepale. Weka washa, vile vibati vya duara vya bolti, ndani na nje, kisha kaza nati. Ndani ya bomba shindilia sponji ya godoro, linatulia na halipigi kelele.

Kuhusu stika: kayaki nyingi za plastiki ni polithini, na polithini haipendi gundi. Ni plastiki ileile ya madumu, jaribu kubandika kitu kwenye dumu uone kinavyobanduka. Kama huna njia nyingine, bandika kwenye kitu kingine kigumu, safisha kwa spiriti, bandika, kisha iache saa 24 kabla ya kugusa maji. Kosa langu la Luchelele lilikuwa yote mawili: plastiki mbaya na haraka.

Hatua ya 4: Mipangilio

Fupi tu. Rekodi kwa ukali wa 1080p, picha 60 kwa sekunde. 4K, yenye ukali zaidi, ni nzuri, lakini kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa, betri inakwisha upesi na kamera inachemka juani. Washa kituliza mtikisiko. Kadi iwe na alama ya V30, maana yake inaandika angalau MB 30 kwa sekunde. Kadi bandia zimejaa mitaani, kwa hiyo ijaze yote nyumbani kwanza uone kama video za mwisho zinafunguka.

Kama kamera yako ina kurekodi kwa mzunguko, itumie. Inafuta ya zamani na kubakiza dakika za mwisho. Sangara akipiga, ukimaliza kumtoa ndio unasimamisha. Zile za kuamuru kwa sauti zinataka Kiingereza au lugha nyingine za kigeni, na upepo ukivuma hazisikii hata hizo.

Hatua ya 5: Matone na jua

Tone moja kwenye lenzi linaharibu asubuhi nzima. Dawa yake ni ulimi. Ramba kioo cha lenzi kabla ya kuondoka, kisha kila baada ya nusu saa. Mate yanayasambaza maji yawe utando mwembamba, hayajikusanyi kuwa matone. Wenye kinyaa watumie kitambaa cha miwani, ila kikishalowa hakina kazi tena. Na usiguse maji ya ziwa yaliyotuama kwenye magugu ufukweni, kichocho kipo, nacho huingia kupitia ngozi.

Jua la Mwanza linachomoza kama saa moja kasorobo asubuhi, na linafika utosini karibu na saa saba mchana. Picha nzuri ni mpaka saa tatu. Baada ya hapo uso wako wote umo kwenye kivuli cha kofia na maji yanameta kama bati. Upepo nao huanza kuamka kadiri jua linavyopanda, na mtu wa kayaki anatakiwa awe anarudi.

Hatua ya 6: Ukiwa majini

Washa kamera kabla ya kuanza kurusha, hakikisha taa, kisha isahau. Mtu anayegeuka nyuma kila dakika kuangalia kama inarekodi ndiye anayepinduka. Kaa mbali na njia ya vivuko vya Kamanga. Mawimbi yake yanakuja wakati chombo kimeshapita na wewe umeshatulia. Kisiwa cha Saanane ni Hifadhi ya Taifa tangu 2013, usivue kule. Wavuvi wa dagaa wanaporudi asubuhi wapungie mkono, omba kabla ya kuwarekodi. Sangara chini ya sentimita 50 arudi majini, na kumbuka kamera inaona urefu wa samaki wako.

MASWALI YA WADAU

Kijana wa Igogo: Mkuu, mimi sina GoPro wala hela yake. Simu kwenye mfuko wa plastiki wa kuzuia maji inafaa?

Inafaa kwa picha za samaki ukiwa umemshika, lakini si kwenye nguzo. Mfuko unapata ukungu ndani jua likiuchoma, na simu ni nzito, nguzo itayumba. Halafu simu yako ndiyo ya kupiga ukipata shida majini. Iache kifuani, imechajiwa.

Sato Mweupe: Betri yangu inaisha ndani ya saa moja na kitu. Naweza kuunganisha pawabenki?

Ukifungua kimlango cha kuchajia, kamera haizuii maji tena. Wimbi moja la kivuko linatosha. Beba betri tatu kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, na usibadilishe mikono ikiwa imelowa. Mimi huzima kamera nikiwa napiga kasia kwenda mahali, nawasha nikianza kurusha. Asubuhi nzima betri mbili.

Mama Chambo: Kaka, sauti kwenye video zangu ni upepo mtupu, na kila nikigusa kayaki inalia kama ngoma.

Dada, kayaki ni ngoma kweli, ina uwazi ndani. Weka kipande cha mkeka wa sponji unapowekea miguu na plaizi. Kwa upepo, bandika kasponji kembamba ka godoro juu ya tundu la maikrofoni, kasizibe lenzi. Itapungua, haitaisha.

Mzee wa Kayenze: Kijana, mimi nina mtumbwi wa mbao wa watu wawili. Hizo tyubu za baiskeli nitaziweka wapi?

Shikamoo mzee. Wewe una raha kuliko sisi, mbao inashika skrubu. Funga kipande cha ubao kwa skrubu kwenye ukingo wa nyuma, juu yake simika nguzo fupi kwa vikamatio viwili vya bomba. Usitoboe chini ya mstari wa maji. Kamba na ndala vilevile.

Fundi Nyakato: Napinga hapo kwenye PVC. Bomba la alumini la sentimita 2 ni jepesi na halipindi. PVC ikikaa juani mwaka mmoja inakuwa kama biskuti.

Uko sahihi kuhusu jua, yangu ya kwanza ilipasuka kwenye tundu la bolti. Sasa hivi nabadilisha kila mwaka kwa sababu ni rahisi. Mwenye alumini aitumie, tena maji yetu hayana chumvi, haitaliwa. Ila aiache nyumbani siku za radi.

Kijana wa Igogo: Na chini ya maji je? Nataka kumwona sangara akiuma.

Kwenye Ghuba ya Mwanza maji ni ya kijani, mwani mwingi. Utapata picha ya supu ya mchicha. Nilichofanikiwa ni kuishusha kamera nusu mita kwa fimbo fupi samaki akishafika pembeni ya kayaki, maji yakiwa yametulia. Unapata ubavu wake wa fedha, na jicho linavyowaka.

Sato Mweupe: Hiyo kamera ya Luchelele hujawahi kuitafuta?

Mara mbili. Nilimlipa kijana anayejua kuzamia, akaibuka na kipande cha nanga na chupa ya soda. Kamera hakuiona.