Kurudishia lipu ya chokaa kwenye nyumba za zamani za Dodoma

Kabla ya kushika tindo, zunguka nyumba na nyundo yako, ugonge ukuta kwa mpini, taratibu, kuanzia chini. Palipo pazima panajibu kwa mlio mzito. Palipoachana panalia uwazi. Hapo zungushia chaki. Bomoa palipo na chaki tu. Lipu iliyoshika ukuta miaka mia haijakukosea kitu.

Nazungumzia nyumba kama zile zilizojengwa baada ya reli ya Wajerumani kufika Dodoma mwaka 1910, na majengo ya zamani ya Mpwapwa na Kilimatinde. Kuta zake ni mawe au matofali yaliyounganishwa kwa udongo au chokaa, nazo hunyonya maji na kuyatoa zenyewe. Ukizifunika kwa saruji, maji yanakosa pa kutokea, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, halafu siku moja lipu inadondoka pamoja na uso wa tofali. Wateja hawachoki kuniambia, "Fundi, tia saruji kidogo ishike." Nami sichoki kujibu, "Mzee, nikiitia utaniita tena, na safari hiyo tutajenga ukuta."

Jengo likiwa linalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, tafuta kibali kwanza.

Kisha tafuta maji yanakotoka: gata iliyotoboka, bati lililofunguka, au udongo wa uani uliopanda mpaka ukapita usawa wa sakafu. Uchimbe ushuke. Ukiona unga mweupe ukutani, hiyo ni chumvi. Iondoe kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani.

Chokaa bora ni ya mawe yaliyochomwa, uizime mwenyewe kwa maji. Tumia pipa la chuma. Maji yatangulie, mawe yafuate kidogo kidogo, maana hutokota na kuruka. Vaa miwani na glavu, uweke ndoo ya maji safi karibu. Ikiingia jichoni, osha mfululizo kwa dakika 20 na uende hospitali. Ikishatulia ichuje, uifunike kwa maji, uiache miezi mitatu au zaidi. Huna muda huo? Nunua chokaa ya unga ya kujengea, mfuko mpya, uiloweke angalau siku nzima. Mfuko uliokaa wazi dukani umeshaanza kurudi kuwa jiwe, uache hapohapo.

Mchanga wa makorongo yetu ni mzuri, lakini una udongo. Utikise na maji kwenye chupa: tabaka la tope likiwa nene, uoshe. Kujua kiasi cha chokaa, jaza mchanga mkavu kwenye kopo, halafu mimina maji uliyoyapima mpaka yafike juu. Maji yaliyoingia ndiyo nafasi inayotakiwa kujazwa na chokaa. Mara nyingi ni theluthi moja ya kopo, ndiyo maana mafundi hutumia karai moja la chokaa kwa matatu ya mchanga.

Changanya kwa kuponda, usikimbilie kuongeza maji. Kwa tabaka la chini tia nywele za mbuzi zilizooshwa. Mnada wa Msalato hutakosa mbuzi. Zitie siku ya kazi, maana zikikaa muda mrefu ndani ya chokaa mbichi zinaliwa.

Lowesha ukuta jioni, uloweshe tena asubuhi, na usubiri mng'ao wa maji upotee. Mashimo makubwa yajaze kwanza kwa vipande vya matofali na chokaa, uyaache yashike. Rusha tabaka la kwanza kwa mwiko, lisizidi sentimita moja, kisha likwaruze mishazari. Nyufa ndogo zikitokea kesho yake, nyunyiza maji uzikandamize kwa bao la kusawazishia lipu. Tabaka linalofuata liwe jembamba zaidi, nalo lisubiri la kwanza liwe gumu kiasi kwamba kucha haiingii.

Hapa ndipo kazi nyingi za Dodoma zinapofia. Chokaa hushika kwa kuvuta hewa ya kaboni, na haiwezi kuivuta ikiwa kavu. Upepo wetu wa Agosti na Septemba unaikausha kabla haijashika, inabaki unga unaofutika kwa kiganja. Mimi hupenda kuanza kifuku kikiisha, Mei mpaka Julai. Tundika magunia ya katani mbele ya ukuta, yasiguse lipu, uyaloweshe asubuhi, mchana na jioni kwa wiki nzima au zaidi. Msaidizi wa fundi atakayemwagia maji Jumapili, mwekee hela yake kwenye makisio tangu mwanzo, la sivyo Jumapili hiyo hakuna atakayekuja.

Malizia kwa niru, yaani chokaa ya kupaka iliyozimuliwa kwa maji, yenye uzito wa maziwa, mikono minne au mitano, kila mkono juu ya ukuta uliolowanishwa. Ikionekana haifuniki ukiwa unapaka, usiizidishe unene. Weupe unakuja ikikauka. Mwenye nyumba akitaka rangi, tia udongo mwekundu au wa njano uliosagwa na kuchujwa, usizidi sehemu moja kwa kumi ya chokaa. Rangi ya plastiki irudishe dukani.