Mabaharia wasilewe bahari: hatua za kufuata kwenye mashua ya tanga

Mfano ni kuvuka Nungwi (Unguja) hadi Mkoani (Pemba) wakati wa upepo wa kusi, mawimbi yakipiga ubavuni kwa nyuma na mashua ikiyumba njia nzima.

1. Usiku wa kuamkia safari
Wali, viazi au mkate. Pombe hapana. Asubuhi kula kidogo, kwani tumbo tupu nalo hutapika, tena kwa maumivu zaidi.

2. Dawa
Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Dawa hizi huzuia. Ukisubiri moyo uchafuke ndipo umeze, kidonge kitatoka na matapishi, na kisipotoka kitakaa tu, maana tumbo lililochafuka halisukumi kitu mbele.

Ninayoipendelea ni sinarizini ya miligramu 25, kidonge kimoja saa mbili kabla ya kung'oa nanga. Pakiti nyingine husema nusu saa. Kwangu huo ni muda mfupi mno. Vinavyofuata, fuata maelezo ya pakiti. Promethazini inafanya kazi vizuri lakini inalaza mtu, kwa hiyo mpe abiria, si wa zamu ya usukani. Dawa yoyote ijaribiwe kwanza nchi kavu, siku ambayo mtu haendeshi chombo wala gari.

Usikubali kuuziwa Plasil, dawa ya kutuliza kutapika, kwa kazi hii: haizuii kulewa bahari. Buscopan pia siyo. Ina haiosini, dawa inayozuia kulewa bahari, ila ya aina isiyofika kwenye ubongo, hivyo hutuliza msokoto wa tumbo basi. Mjamzito, mtoto, mwenye presha ya macho au tezi dume iliyovimba amwone mfamasia kwanza.

3. Dalili za mwanzo
Msemaji amenyamaza, anapiga miayo, anameza mate, jasho la baridi kipajini. Usingoje alalamike. Mpe usukani, macho kwenye upeo au kwenye nchi kavu. Hakuna tiba ya bure inayoishinda hiyo. Simu, ramani na kazi ya kukumba maji ya ngama (yanayokusanyika chini ndani ya mashua) apewe mwingine. Kutafuna tangawizi hakudhuru, lakini usiitegemee peke yake.

4. Akitapika
Ndoo yenye kamba, mapema, karibu na miguu yake. Asiiname ukingoni: mtu aliyelegea, kichwa nje, mashua ikiyumba, ndiye anayetumbukia. Akilazimika kukaa pembeni, avae jaketi la kuokolea na afungwe kamba.

Akiishiwa nguvu mlaze chali katikati ya mashua, chini, karibu na mkuku (uti wa chini wa mashua), macho yamefumbwa na kichwa kimeegemezwa kisitikisike. Omo, yaani mbele, hurushwa sana, na tezini, yaani nyuma, kuna moshi wa dizeli.

5. Maji
Pakiti moja ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kwenye lita moja ya maji safi. Mnyweshe kijiko kimoja kila baada ya dakika chache. Akigugumia kikombe kizima kitarudi. Akipitisha muda wa saa nane bila kukojoa, au akianza kuongea ovyo, nahodha ageuze kuelekea bandari iliyo karibu zaidi.