Kabla hujaripoti fildi ya utafiti wa sera

Likizo ndefu inapokaribia, wanafunzi wa uchumi, takwimu, sosholojia na utawala wa umma huanza kuzunguka na barua za kuomba nafasi za mafunzo kwa vitendo. Wengi huangukia benki au halmashauri. Mimi nilipata nafasi kwenye taasisi ya utafiti wa sera Dar es Salaam, katika kikundi kilichokuwa kikifuatilia fedha za elimu bila malipo. Naandika kwa ajili ya atakayefuata, kwa sababu kazi hii inataka maandalizi ambayo darasani hayasemwi sana, na aliyejiandaa hukabidhiwa kazi yenyewe badala ya kushinda kwenye mashine ya fotokopi.

Anza na nyaraka. Ukishakubaliwa, mwandikie msimamizi wako umuulize wanashughulikia swali gani, kisha usome karatasi za serikali zinazohusika. Usiishie kwenye habari za magazetini. Kwa upande wetu, ya kwanza ilikuwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, uliofuta ada ya sekondari hadi kidato cha nne pamoja na michango katika shule za umma; utekelezaji ukaanza Januari 2016. Mwaka 2022 msamaha wa ada ukafika kidato cha tano na cha sita. Baada ya hapo soma hotuba ya bajeti inayosomwa bungeni kila Juni, ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) inayowasilishwa bungeni Aprili, na Hansard, yaani kumbukumbu za mijadala ya Bunge, zinazohusu wizara husika. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo mwanafunzi wa likizo anaingia ofisini wakati bajeti mpya imepita juzi tu. Watafiti wenzako watakuwa wanaizungumzia tangu siku ya kwanza, na usipokuwa umeisoma utabaki unasikiliza.

Halafu fanya hesabu mwenyewe. Hapa ndipo naomba utulie, maana ndipo nilipojifunza zaidi. Kwa utaratibu ulioanza na elimu bila malipo, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: 6,000 ziende shuleni moja kwa moja, 4,000 zibaki kwa ajili ya vitabu. Chukua shule yenye watoto 600. Inayoingia kwenye akaunti ya shule ni milioni 3.6 kwa mwaka, yaani laki tatu kwa mwezi. Chaki humo, karatasi za mitihani humo, ukarabati mdogo humo, michezo humo. Ukiwa na hesabu hiyo kwenye daftari, mazungumzo na mwalimu mkuu yanabadilika. Humuulizi tena kama fedha zinatosha, kwa kuwa kila mmoja atakwambia hazitoshi. Unamuuliza mwezi uliopita ziliingia kiasi gani na tarehe ngapi, na mtihani wa majaribio wa darasa la saba ulichapwa kwa fedha ipi. Nimeona mwalimu akisikia swali la namna hiyo, akainuka kwenda kabatini na kurudi na faili la taarifa za benki. Akakaa nasi mchana mzima, ukurasa baada ya ukurasa.

Vibali vinakula muda kuliko unavyodhani. Barua inatoka chuoni au kwenye taasisi, inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani na halmashauri, ndipo unafika kwa mtendaji wa kata na mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Kila ngazi inaandika barua yake. Afisa mmoja akiwa safarini, mnasubiri. Tembea na nakala kadhaa zenye mhuri, pamoja na kitambulisho cha chuo na cha NIDA, na usiruke ofisi ya mtendaji hata kama shule unaiona kwa macho ng'ambo ya barabara.

Dodoso lisome kwa sauti kabla ya kwenda nalo kwa wananchi. Maswali mengi hutungwa na watu wa mishahara. Ukimuuliza mama anayelima mihogo na kuuza vitumbua asubuhi, "Kipato chako kwa mwezi ni kiasi gani?", atakutajia namba ili akuridhishe, nawe utaiandika kana kwamba ni kweli. Muulize vitumbua vya jana vilimwingizia nini baada ya kutoa unga na mafuta, na mihogo aliuza msimu gani, magunia mangapi. Inachukua muda, lakini jibu hilo unaweza kulitetea. Na kabla ya swali lolote, salamu zitimie: shikamoo kwa mkubwa, habari za nyumbani, kisha mweleze umetoka wapi na kwamba ana haki ya kukataa. Jina lake lisikae kwenye fomu moja na majibu yake. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, mtu aliyekufungulia mlango anastahili heshima hiyo.

Kuhusu kompyuta sina mengi. Excel uijue vizuri, programu ya takwimu kama Stata au SPSS uwe umeigusa, na ujaribu KoboToolbox, programu ya kujazia majibu ya dodoso, kwenye simu yako kabla ya kukabidhiwa kishikwambi. Pawabenki usiisahau.

Fedha zipange mapema, hasa kama kwenu ni mbali na Dar. Fungu la mafunzo kwa vitendo kutoka Bodi ya Mikopo halimfikii kila mnufaika, na taasisi nyingine hutoa nauli ya kazi za nje tu. Uliza waziwazi kabla ya kuripoti, hakuna aibu. Uliza pia kama utasafiri Dodoma, kwa kuwa wizara ziko Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, na mahojiano na maafisa mara nyingi hufanyika huko. Treni ya SGR imerahisisha, takriban saa nne kutoka Dar.

Jambo la mwisho ni data. Wiki ya kwanza, mbele ya msimamizi, kubalianeni kwa maandishi kama unaruhusiwa kutumia sehemu ya takwimu mlizokusanya kwenye tasnifu yako ya mwaka wa tatu, kwa masharti gani, na kama jina lako litatajwa kwenye muhtasari wa sera utakaotoka. Baada ya kurudi chuoni, kila mtu ana mradi mwingine na barua pepe yako itachelewa kujibiwa.