Joto la kiangazi ughaibuni na paka aliyefungiwa ndani

Sisi tuliolelewa Kisumu hatutishwi na joto. Nyuzi 30 alasiri ni siku ya kawaida kuanzia Kondele hadi Dunga, na ukipiga simu nyumbani mwezi Julai kulalamika kwamba Birmingham imefika nyuzi 34, utaulizwa kama umesahau ulikotoka. Lakini joto la huku lina tabia zake, na ukifuga paka, yeye ndiye litakayemwelemea kabla yako.

Kisumu jua huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima. Mchana upepo wa ziwa unavuma, na bati lililokuwa linachoma saa nane huwa limepoa usiku ukiingia. London mwezi Juni, jua huzama baada ya saa tatu usiku. Nyumba zimejengwa kwa matofali mazito na kuta zikajazwa vitu vya kuzuia baridi, kwa hiyo joto likishaingia linalala humo nanyi. Nyumba nyingi za Uingereza hazina kiyoyozi hata leo, ingawa tarehe 19 Julai 2022 nchi hiyo ilifika nyuzi 40.3 huko Coningsby.

Ukimweleza shangazi wa Ahero kwamba paka anateseka, atakuambia umfungulie mlango. Kwake ni ushauri mzuri. Paka wake hujitafutia baridi mwenyewe: saa sita yuko chini ya ghala, saa tisa amejilaza kwenye udongo wenye unyevu kando ya mtungi. Wako yuko ghorofa ya nne, na kivuli chake ni kile utakachomtengenezea wewe.

Kitengeneze mapema, kabla hujaenda kazini. Asubuhi funga madirisha na mapazia ya upande unaopigwa na jua, hata kama mazoea yetu ni kufungua kila kitu hewa ipite. Hewa ya nje ikiwa ya moto kuliko ya ndani, dirisha wazi linaleta moto. Fungua usiku hewa ikipoa, pande mbili za nyumba kama zipo. Acha mlango wa bafu wazi mchana kutwa, maana sakafu ya vigae ndiyo mahali paka wengi huchagua wenyewe.

Madirisha hayo ya usiku yanahitaji wavu. Paka huanguka kutoka ghorofani, tusidanganyane kwamba hutua salama kila mara. Wenzetu wa Ujerumani wawe makini zaidi na yale madirisha yanayoinamia ndani kwa juu. Paka hujaribu kupenya ule mwanya, akateleza, akanasa kiunoni, na kadiri anavyojitikisa ndivyo anavyozidi kubanwa. Wengine hufa hapo. Kama huna kizuizi cha pembeni, usiliache dirisha la namna hiyo limeinama ukiwa haupo.

Feni inakupoza wewe kwa sababu unatoa jasho mwili mzima. Paka hutoa jasho kwenye nyayo tu, na hujipoza kwa kulamba manyoya ili mate yakikauka yaondoe joto. Feni peke yake humsaidia kidogo. Lowesha taulo kwa maji ya kawaida, mpanguse mgongo, masikio na miguu, kisha ndipo upepo wa feni utafanya kazi. Asipopenda, tandika taulo hilo sakafuni alalie mwenyewe. Usimnyoe; manyoya yanamkinga na jua pia.

Kuhusu maji: paka wa kufugwa ametokana na paka mwitu wa nchi kame, na kiu yake ni ndogo. Weka mabakuli kadhaa vyumba tofauti, mbali na chakula na mbali na choo chake. Chakula cha mkebe kina maji mengi kuliko kile kikavu, kwa hiyo msimu huu kinafaa zaidi, ila kiondoe asipokimaliza kwa sababu kinachacha haraka.

Sasa la hatari. Joto la mwili wa paka mzima ni kati ya nyuzi 38 na 39 hivi. Ukimwona anahema mdomo wazi, anatoa ute, anayumba au anatapika, usisubiri jioni. Mhamishie penye baridi, mloweshe kwa maji ya kawaida yasiyo ya barafu, mpepee, na mpigie daktari wa wanyama huku mkiwa njiani. Akipata nafuu bado mpeleke, kwa maana figo zinaweza kuwa zimeumia bila kuonekana. Paka wazee, wanene na wenye pua bapa kama wale wa aina ya Persian huzidiwa upesi.

Na tafadhali, usimpe Panadol. Najua kwetu ndiyo dawa ya kwanza ya kila mwili uliopata moto, lakini parasetamoli ni sumu kwa paka; kidonge kimoja kinaweza kumuua. Vilevile dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin isimguse kabisa.

Wengi wetu husafiri kwenda nyumbani Agosti, joto likiwa bado kali, na paka huachiwa jirani. Usimwachie ufunguo na chakula tu. Mwonyeshe mapazia ya kufunga asubuhi, madirisha ya kufungua usiku na yale yasiyoguswa, na mahali kreti ya kumbebea paka ilipo. Bandika kwenye friji namba ya daktari na ya kliniki ya dharura ya usiku. Mwombe aje mara mbili kwa siku, kila anapokuja amwone paka kwa macho, na ahakikishe kwamba hajafungiwa kabatini au kwenye mashine ya kukausha nguo. Tena mwachie hela ya daktari, au uzungumze na kliniki kabla hujapanda ndege kwamba utalipa ukiwa Kisumu.