Somo: Kuotesha mwati wa Cootamundra wenye machipukizi ya zambarau

Huu ni ndugu wa miwati ya Njombe inayochunwa magome, ila wenyewe hupandwa kwa uzuri wake. Kwao ni New South Wales, Australia. Jina la kitaalamu ni Acacia baileyana. Aina ya 'Purpurea' ndiyo yenye machipukizi ya zambarau, ambayo yakikomaa hugeuka kijivu cha samawati. Maua ni ya njano, mfano wa vipira vidogo vya manyoya.

1. Ganda la mbegu ni gumu, maji hayapenyi. Chemsha maji, epua, yakiacha kutokota mwagia mbegu, ziache saa 24. Zilizovimba panda, zilizobaki ngumu rudia.

2. Fukia sm 1 kwenye mchanga na mboji, nusu kwa nusu. Huota kati ya wiki 1 na 3. Rangi ya miche hutofautiana, kwa hiyo bakiza yenye ncha za zambarau tu.

3. Tumia kiriba kirefu, na mche ukifika sm 25 uhamishie bustanini. Ukichelewa, mizizi hujizungusha ndani ya kiriba, na mti wa namna hiyo huangushwa na upepo hata ukiwa mkubwa.

4. Chagua penye jua siku nzima, pasipotuama maji, mita 4 kutoka ukutani. Usiweke samadi wala mbolea ya naitrojeni: mizizi ina vinundu vya bakteria vinavyoupatia mti naitrojeni.

5. Pogoa kila mwaka, mara tu maua yanapokwisha, theluthi moja ya urefu wa matawi. Kata palipo na majani.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mbona wangu umekuwa kijivu mtupu?*
Zambarau hukaa kwenye majani machanga peke yake. Ama upo kivulini, ama hujapogoa.

*Nilikata shina katikati, halijachipua.*
Pole, ndugu. Mbao kuukuu isiyo na majani huwa haichipui tena. Anza na mche mwingine, uupogoe tangu mdogo.

*Niko nyanda za juu, utanifaa?*
Baridi ya huko inaufaa, na hapo ndipo pa kuangalia: jimbo la Victoria huko Australia na Afrika Kusini umeshageuka gugu, na mbegu hukaa udongoni miaka mingi. Kata maganda yanayobeba mbegu yakiwa bado kijani, kabla hayajapasuka. Kama una msitu au kijito jirani, usiupande.