Namna ya kupanga vitabu vya watoto bila kuwabandika umri

"Hiki ni cha miaka mingapi?" Hilo ndilo swali la kwanza mzazi analouliza mbele ya rafu ya vitabu vya watoto, Moshi au Arusha. Ni swali la haki. Shangazi anayetaka kumpelekea mtoto wa kaka yake zawadi hawezi kusoma kitabu kizima akiwa amesimama dukani. Hoja hiyohiyo waliitoa wachapishaji wa Uingereza mwaka 2008 walipotaka kuchapa umri juu ya vitabu vya watoto: 5+, 7+, 9+, 11+ na 13+. Waandishi wengi, Philip Pullman akiwa mstari wa mbele, walipinga. Walisema namba hiyo ingemfukuza msomaji ambaye kitabu kingemfaa kabisa.

Kwa rafu za huku kwetu waandishi wale wana haki zaidi, kwa sababu umri huku hautabiri usomaji. Darasa la tatu moja, ukilikuta Pasua au Monduli, linaweza kuwa na mtoto wa miaka minane na mwingine wa kumi na moja. Mmoja amekua na Kiswahili nyumbani, mwingine anazungumza Kimaasai au Kichaga mpaka anapoingia getini shuleni. Mpe yule wa miaka kumi na moja kitabu kilichoandikwa "miaka 5–7", na wenzake wakakiona. Hatakifungua tena, hata kama ndicho alichokihitaji.

Kwa hiyo usiandike umri. Kitabu kipewe taarifa mbili, kila moja mahali pake: ugumu wa lugha yake, na mambo yaliyomo ambayo mtu mzima anapaswa kuyajua mapema. Umri huyachanganya hayo mawili, na hapo ndipo unapoharibu. Mwongozo huu unafuata rafu ya vitabu 200 hivi, ya shule, ya kanisa au msikiti, au ya chumba cha jirani kilichogeuzwa maktaba.

Vifaa

Tafuta stika za karatasi za duara zenye upana wa milimita 15 hadi 20, za kijani, njano, bluu, nyekundu na nyeupe. Nunua selotepu pana, maka ya kudumu nyeusi, penseli na daftari kubwa la kaunta. Stesheneri yoyote ya mjini inavyo. Ongeza kitambaa kikavu, maana vumbi la Arusha la Januari na Februari halionekani kwenye jalada linalong'aa, lakini stika iliyobandikwa juu yake hung'oka ndani ya wiki.

Watu wanne wanatosha. Kila kitabu kipimwe na wawili, kila mmoja peke yake, dakika kumi kwa kitabu. Kwa vitabu 200 hiyo ni kama saa 17 kwa kila mtu, yaani Jumamosi nne za saa nne na robo. Msijaribu kumaliza kwa siku moja. Aliyechoka huanza kupima kwa unene wa kitabu, na unene hudanganya kuliko kitu chochote.

Kupima ugumu wa lugha

Chagua kurasa tatu: moja karibu na mwanzo (siyo ya kwanza kabisa, kwa kuwa huwa rahisi kupita nyingine), moja ya katikati, moja karibu na mwisho. Katika kila moja hesabu maneno, kisha sentensi, ugawanye. Utapata wastani wa maneno kwa sentensi.

Usiishie hapo. Vipimo vingi vinavyozunguka mtandaoni vilitengenezwa kwa Kiingereza, ambacho maneno yake ni mafupi. Kiswahili hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja. "Hawakumfungulia" ni neno moja kwenye hesabu yako, lakini mtoto anapaswa kufungua ndani yake ukanushi, watu waliotenda, wakati uliopita, mtendewa, na kitendo kilichofanywa kwa ajili yake. Kwa hiyo hesabu pia maneno yenye silabi tano au zaidi. Njia ya haraka ni kuhesabu irabu, kisha kuongeza moja pale "m" inaposimama mbele ya konsonanti nyingine isiyokuwa b, w au y. "Hawakumfungulia" linatoa irabu saba na "m" moja: silabi nane. Ukurasa wenye maneno ya aina hiyo sita au saba ni mgumu hata kama sentensi zake ni fupi.

Kisha tazama vitu vitatu. Kwanza, silabi: je, kuna ba, ka, ma tu, au kuna mbw, nyw, ng', gh, dh? Pili, viambishi: -li-, -na- na -ta- mtoto wa darasa la pili huvimudu, -po-, -ki-, -nge- na sentensi zenye "ambaye" humchelewesha. Tatu, kauli ya kutendewa. "Alipelekewa barua na mjomba" huwachanganya wasomaji wachanga wengi; muulize mtoto nani alipeleka na nani alipokea, utaona.

Tumia ngazi nne, na ya tano ya pembeni:

Kijani: picha zinabeba hadithi, sentensi moja kwa ukurasa, maneno hayazidi matano au sita, silabi rahisi.
Njano: sentensi mbili hadi nne kwa ukurasa, mb, nd, sh, ch zimeingia, picha bado zinasaidia.
Bluu: aya fupi, maneno kama 50 hadi 100 kwa ukurasa, -po- na -ki- ni za kawaida, picha ni pambo.
Nyekundu: sura, sentensi za maneno kumi na mawili na kuendelea, mazungumzo yasiyotaja msemaji kila mara.
Nyeupe yenye sikio lililochorwa kwa maka: kitabu cha kusomewa. Hadithi ni ya mtoto mdogo, lugha ni ya mtu mzima.

Ngazi hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika mara nyingi, na bila hiyo hadithi nzuri za kimapokeo hutupwa kwenye nyekundu, ambako watoto wa chekechea hawafiki. African Storybook, mradi wa Afrika Kusini unaotoa hadithi za bure mtandaoni kwa Kiswahili na lugha nyingi za Afrika, nao una ngazi ya kusomewa mwishoni mwa ngazi zake. Hadithi utakazochapisha kutoka huko zitakuja zimeshapangwa, lakini zipitie hata hivyo, kwa kuwa tafsiri huweza kuwa ngumu au rahisi kuliko hadithi ilivyokuwa.

Wapimaji wawili wakitofautiana ngazi moja, kitabu kiwekwe kwenye ile ya chini. Wakitofautiana mbili, mtu wa tatu akisome chote.

Stika ibandikwe wapi

Kwenye jalada la nyuma, kona ya chini iliyo karibu na mgongo wa kitabu. Mtoto akikishika kusoma, kiganja chake huifunika. Wenzake wanaona jalada la mbele tu. Anayerudisha vitabu rafuni anakigeuza tu. Ifunike kwa selotepu inayopita kingo zake kwa sentimita moja kila upande. Bila hivyo unyevu wa masika Moshi hukunja kingo, na vidole vidogo humalizia.

Kila rangi ipewe na umbo, kwa maka, ndani ya stika: duara, pembetatu, mraba, nyota. Wako watoto, hasa wavulana, ambao kijani na nyekundu kwao ni kitu kimoja. Pia nyekundu hupauka mapema kwenye rafu iliyo dirishani. Usiandike namba. Namba hugeuka cheo siku hiyohiyo.

Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) vilivyoandikwa darasa juu ya jalada viache vilivyo, na uviweke kando. Hivyo hufuata mtaala. Stika ni za vitabu vya ziada na vya hadithi.

Kumpima mtoto

Mpime peke yake, pembeni, wenzake wakiwa nje. Mpe kifungu cha maneno 100 asome kwa sauti, nawe weka alama ya penseli kwenye nakala yako kila anapokosea. Makosa matatu au chini: anaweza kusoma ngazi hiyo peke yake. Manne hadi kumi: asome akiwa na mtu. Zaidi ya kumi: asomewe. Akishindwa hata kijani, rudi kwenye ngazi zinazotumiwa na Uwezo, mpango unaopima usomaji wa watoto Afrika Mashariki, katika tathmini zake, yaani silabi, maneno, aya, hadithi, ujue amekwama wapi.

Sasa sehemu ambayo wengi hukosea. Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa. Mtoto aliyemaliza silabi anaweza kukutamkia ukurasa mzima, bila kosa hata moja, na asiwe ameelewa chochote. Ile mbinu ya kukunja kidole kwa kila neno gumu, yakifika matano kitabu kirudishwe, haifanyi kazi kwa sababu hiyo: hakuna neno linalomshinda kulitamka. Ibadilishe. Mwambie akunje kidole kwa kila neno ambalo hawezi kumweleza mdogo wake.

Akimaliza, muulize maswali manne: nani, alifanya nini, kwa nini, na neno moja la katikati lina maana gani pale. Mruhusu ajibu kwa lugha yoyote, iwe Kimachame, Kimeru au Kimaasai. Unapima kama ameelewa, na Kiswahili cha kujibia ni jambo jingine. Akisoma bila kosa na "kwa nini" ikamshinda, mshushe ngazi moja. Usimwambie ameshushwa. Mpe tu kitabu.

Angalia pia kama ugumu ni wa lugha au wa mahali. Mtoto wa Kibosho hukwama kwenye jahazi, tanga na pweza, akapita bila shida kwenye mfereji, mgomba na theluji. Maneno matatu ya pwani hayamfanyi awe msomaji dhaifu. Mweleze hayo matatu kabla hajaanza, kisha mpime upya.

Kwa watoto wa shule zinazofundisha kwa Kiingereza, ambazo Arusha ni nyingi, weka ngazi mbili kwenye daftari, moja kwa kila lugha. Mara nyingi hazilingani, na mzazi hushangaa kusikia kuwa Kiswahili ndicho kilicho nyuma.

Maelezo ya yaliyomo

Hapa ndipo hofu halali ya mzazi inapojibiwa. Binti wa miaka minane anaweza kuwa nyekundu kwa lugha, na kitabu nyekundu kinaweza kuwa na vita. Kata karatasi ya sentimita 5 kwa 8, ibandike ndani ya jalada la nyuma, uandike kilichomo na ukurasa wake: kifo cha mzazi, kipigo, vita, mapenzi, ulevi, uchawi.

Andika jambo, usitoe hukumu. "Haifai chini ya miaka 12" haimsaidii mama yeyote. "Baba anafariki, uk. 14, mtoto aliyefiwa karibuni asomewe na mtu wake" inamsaidia, kwa sababu yeye ndiye anayemjua mtoto. Mambo manne yanatosha. Ukijaza kumi, hakuna atakayesoma.

Umri uliokwisha kuchapwa

Vitabu vya msaada kutoka nje huja na namba zake. Namba hizo zilipangwa kwa mtoto anayezungumza Kiingereza tangu kuzaliwa. Kwa mtoto wa Njoro au Ngarenaro ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu, hazina maana. Zifunike kwa kipande cha karatasi nene ya rangi ya jalada, gundi pande zote nne. Usikwangue, utachana jalada.

Alama moja uiache: duara lenye uso wa mtoto na 0–3 iliyokatwa kwa mstari. Hiyo haihusu kusoma. Inaonya kuwa kitabu kina vipande vidogo vinavyoweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu.

Yanayoharibika baada ya mwezi

Msimamizi huanza kumfungia mtoto kwenye rangi yake. Weka kanuni tangu siku ya kwanza: kila anayeazima huchukua viwili, kimoja cha rangi yake, kimoja chochote anachokitaka, hata kama ni kigumu mara tatu. Atatazama picha, ataomba kaka amsomee, atakirudisha. Hakuna hasara hapo.

Pili, wakubwa wanaosoma kwa shida hukosa vitabu. Kijana wa darasa la sita aliye njano hataki sungura na chura. Hesabu vitabu vyako vya njano na bluu vinavyohusu mpira, bodaboda, mlima, ufundi, ng'ombe au biashara. Vikiwa chini ya kumi na tano, ndivyo vya kuomba au kununua kwanza, kabla ya kingine chochote.

Tatu, ngazi za watoto huzeeka. Pima upya mwanzoni mwa kila muhula. Anayeanza kuelewa anaweza kuruka ngazi haraka.

Kila mwisho wa mwezi pitia daftari la kaunta. Kitabu kisichoazimwa kwa miezi miwili kisogeze ngazi moja chini au kipeleke kwenye sikio, kisha usubiri miezi miwili mingine. Kisipotoka hata hapo, jalada ndilo linalokikosesha msomaji: kisome kwa sauti mbele ya darasa mpaka katikati, kifunge, ukiache juu ya meza.